Mstari Unaopita Kaburini

"Tambaa," Fausta alisema. "Tambaa kama mwizi."

Gidabuday alimtazama, kisha akaitazama sare yake ya kaki ambayo mkewe aliipiga pasi ya mkaa jana yake. Nyasi zilikuwa bado zimelowa. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlimani ukalala juu ya ngano, na kutoka pale walipokuwa, ghala la kampuni lilionekana kama kitu kilichochorwa kisha kikafutwa nusu.

"Mwizi wa huku hatambai," Gidabuday alisema. "Mwizi wa huku anapita getini na lori, tunampigia saluti."

"Hayo usiniambie mimi. Mimi nimeambiwa nijaribu mtu anayetembea, anayekimbia na anayetambaa. Kutembea na kukimbia umeshamaliza."

Akavua kofia, akailaza juu ya jiwe, akalala kifudifudi. Alianza kujivuta kwa viwiko kati ya nguzo mbili za chuma. Alikuwa mtu mzima, mrefu, mwenye watoto wanaosoma, na mlinzi wa shamba lile kwa miaka mingi. Alipofika katikati, king'ora kilicho juu ya paa la ghala kikalia kwa nguvu, na kunguru wote waliokuwa kwenye mti wa getini wakaruka.

"Safi!" Fausta alipaza sauti. "Inuka, mkuu. Umekamatwa."

Gidabuday aliinuka akijipangusa matope magotini. Hakucheka.

Kwenye kila nguzo, usawa wa goti, kulikuwa na kifaa cheusi, kirefu kama mkate wa boflo. Cha upande mmoja kilitupa mwanga usioonekana kwa macho, cha upande wa pili kiliupokea. Miali ilikuwa miwili, mmoja juu ya mwingine. Ndege akipita akakata mmoja, mtambo ulimsamehe. Kitu kikubwa kikiikata yote miwili kwa pamoja, king'ora kililia. Kufunga vifaa vyenyewe haikuwa kazi. Kazi ilikuwa kuvifanya vitazamane. Fausta aliweka jicho kwenye kitundu cha kulengea, akaitafuta nguzo ya mbele katika kioo kidogo, akazungusha skrubu kidogo kidogo kwa bisibisi, halafu akachomeka mita yake na kusubiri namba zipande. Zikipanda zikatulia, vifaa vilikuwa vimeonana. Nguzo ikiyumba hata kwa upana wa ukucha, havionani tena, na kesho yake mtu anapiga simu Arusha kulalamika kwamba mtambo unalia bila sababu.

Ilikuwa mara yake ya kwanza kupewa eneo zima alisimamie mwenyewe. Fausta alizaliwa Mbulu, akasomea umeme chuo cha ufundi, akaajiriwa kwa mkataba wa muda na Alfredi, ambaye alikuwa na kampuni ndogo ya mitambo ya ulinzi mjini Arusha. Mkataba ulikuwa unahuishwa kila msimu kama leseni ya baiskeli. Alfredi alimwambia, maliza shamba hili vizuri, ukirudi nakuandikia ajira ya kudumu. Ajira ya kudumu maana yake ni chumba chenye jiko, na chumba chenye jiko maana yake ni kwamba Irene, binti yake, angeweza kuacha kulelewa na bibi yake na kuja kukaa na mama yake. Irene alikuwa ameanza kumwita bibi "mama". Fausta alilisikia hilo kwenye simu, akajifanya mtandao unakatika.

"Huu mtambo unakula?" Gidabuday aliuliza walipokuwa wanabeba ngazi kwenda upande wa magharibi.

"Hauli."

"Unalala?"

"Haulali."

"Ukicheleweshewa mshahara unagoma?"

"Mkuu, ni mtambo."

"Basi sisi tumekwisha," akasema, bila hasira, kama mtu anayesema mvua imeisha.

Walinzi walikuwa wameshaambiwa. Shamba hilo lilikuwa la serikali, matrekta yakachakaa, likabinafsishwa, na tangu Manyara iwe mkoa lilikuwa limeshapita mikono ya wenye mali watatu. Huyu wa sasa hakuwahi kuonekana. Aliyeonekana ni meneja, na meneja alikwishawakusanya walinzi akawaambia kwamba baada ya mtambo kuwashwa kampuni "itaangalia upya idadi". Kisha akawagawia majembe wakachimbe mashimo ya nguzo.

Nguzo za magharibi zilisimikwa na vibarua kwa kufuata ramani, na zege lilikuwa limekwisha kukauka. Fausta alipanda ngazi, akafunga waya wa juu, akashuka, akapiga goti, akafunga kifaa, akaweka jicho kwenye kitundu. Alitarajia kuona nguzo ya mbele. Aliona udongo na majani.

Akaenda nguzo ya pili, akapiga goti, akalenga kutoka huko. Udongo na majani.

Kati ya nguzo mbili kulikuwa na kilima kidogo cha mviringo, kirefu kuliko mtu, kimeota nyasi, na juu yake kulikuwa na vijiti vikavu vilivyochomekwa zamani. Siku zote alikipita akidhani ni kichuguu.

"Kuna nini pale katikati?"

Gidabuday alikuwa amebeba ngazi begani. "Baba yangu," akajibu.

Fausta aliinuka taratibu. Alisikia habari hizi utotoni, kwamba watu wa kabila la Gidabuday, Wamang'ati kama walivyowaita nyumbani kwao kwa jina ambalo wenyewe hawalipendi, wakifiwa na mzee wa heshima humjengea kaburi kubwa la udongo na samadi, ukoo mzima ukija kuongeza, miezi kwa miezi, mpaka linakuwa mlima. Kaburi hilo waliliita bung'eda. Alisikia hivyo pamoja na habari za mikuki na ng'ombe walioibwa, akaziweka zote kwenye kapu moja la vitu vya kutisha. Hakuwahi kufikiria kwamba siku moja angelenga mwanga ndani ya tumbo la kaburi.

"Kwa nini hukuniambia, tangu juzi tunachimba?"

"Ulikuja na ramani," Gidabuday alisema. "Nikadhani ramani inajua."

* * *

Meneja alifika na pikapu, ukungu ukiwa umeshapanda. Aliitwa Lameck, mtu wa mkoa mwingine, msomi wa kilimo, na koti lake la baridi alilifunga mpaka kidevuni. Kando yake aliketi Yoakimu, mtendaji wa kijiji, akiwa na mfuko wa plastiki wenye muhuri ndani yake. Yoakimu hakuuacha muhuri ofisini hata akienda kunywa chai.

"Mbona huku hakulii?" Lameck aliuliza. "Wageni wa benki wanaingia kesho. Nataka wapite mstari mzima, kila mahali palie."

Fausta alimwonyesha. Alieleza kwamba mwanga hauna kona, unakwenda mbele tu, na mbele kuna kaburi. Akasema njia rahisi ni kuvunja mstari kidogo kuingia ndani ya shamba, nguzo moja ya kona, jozi moja ya vifaa ya ziada, basi.

"Jozi ya ziada unayo?"

"Ipo moja. Ile ya nyuma ya nyumba yako."

Kwenye ramani iliyotoka Arusha jozi hiyo iliandikwa bohari ya mbolea. Siku vifaa viliposhushwa, Lameck mwenyewe alielekeza ifungwe nyuma ya nyumba yake, kwa sababu mkewe haogopi kitu ila usiku wa Hanang. Yoakimu aligeuza uso, akaanza kuitazama ngano kwa makini.

"Kwa hiyo familia yangu ilale wazi," Lameck alisema polepole, "kwa ajili ya kichuguu."

Gidabuday alikuwa amesimama hatua chache nyuma yake, mikono mgongoni, kama mlinzi anavyosimama.

"Ni kaburi, meneja," Fausta alisema.

"Mtendaji, hili jambo si lilishakwisha?"

"Lilikwisha," Yoakimu alisema. "Kikao kilikaa. Wazee wakaelewa. Mpaka wa hati unapita katikati ya hicho kilima, na hati ni hati. Hata zamani matrekta yalipita juu ya makaburi mengine, hakuna aliyekufa."

"Waliokuwemo walikuwa wameshakufa," Gidabuday alisema.

Wote wakamgeukia. Ilikuwa kama nguzo imesema.

"Wewe ulikuwepo kwenye kikao?" Yoakimu akamuuliza.

"Nilikuwa lindo. Na mama hakuitwa. Kwetu kaburi la mume si la wazee peke yao."

"Tutaliongea ofisini," Lameck alisema, na namna alivyosema ilimfanya Gidabuday ainamishe kichwa. "Greda la barabara liko kwenye njia ya Balangdalalu. Nimeshaongea na dereva, anakuja mchana kusawazisha. Fundi, wewe andaa vifaa vyako. Likishasawazishwa, lenga."

Pikapu iliondoka. Fausta alimpigia Alfredi. Alieleza yote, akiwa amejibanza upande ambao upepo hauli maneno.

"Fausta," Alfredi alisema, "wewe ni fundi au ofisa ustawi wa jamii?"

"Fundi, bosi."

"Fundi akiambiwa nyoosha, ananyoosha. Hizo mila ziache zipambane na wenyewe. Mimi nilikutetea hapa ofisini, wakasema mwanamke huko porini ataleta maneno, nikasema huyu hapana. Usiniangushe."

"Lakini bosi, ni baba wa mlinzi tunayefanya naye kazi."

Sauti za magari ya Arusha zikasikika. "Pole yake," Alfredi alisema, na alionekana kumaanisha. "Lakini lazima kesho palie."

* * *

Mama yake Gidabuday alikuja kabla ya greda. Alipita njia ya ng'ombe, peke yake, fimbo moja mkononi na kibuyu begani. Alivaa vazi la ngozi lililosuguliwa na miaka mpaka likang'aa, na juu yake shuka la dukani kwa sababu ya baridi. Bangili za shaba zilimjaa mkononi.

"Shikamoo, mama," Fausta alisema.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni mtoto wa wapi?"

"Mbulu."

"Mbulu." Bibi alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu. "Zamani tungekuwa tunapigana, mimi na wewe."

"Ndiyo, mama."

"Sasa unanipiga wewe peke yako."

Hakusema kwa ukali. Aliipita ngazi, akazipita nyaya zilizolala chini kwa uangalifu bila kuzikanyaga, akafika kaburini. Alichuma nyasi mbichi akaziweka juu ya udongo. Akamimina maziwa kidogo kutoka kwenye kibuyu. Akasema maneno kwa lugha yake, ya kawaida kabisa, kama mke anayemweleza mumewe nani kapita nyumbani leo. Kisha akaketi, mgongo ameuegemeza kwenye kaburi.

Gidabuday alimwendea, wakaongea kwa sauti ya chini. Aliporudi, uso wake ulikuwa umekauka.

"Anajua habari ya greda. Nimemwambia arudi nyumbani. Anasema hapa ndipo nyumbani."

"Na wewe?"

"Mimi nina sare," Gidabuday alisema. "Nina watoto wawili shule ya Nangwa. Nikiivua leo, kesho wananiambia nilikuwa napunguzwa hata hivyo. Nisipoivua, nasimama hapa natazama. Niambie wewe mwenye akili za shule, nifanye nini?"

Fausta alianza kukaza skrubu ambazo alikwisha kuzikaza.

Greda lilisikika kabla ya kuonekana. Lilikuja likiinua vumbi, la njano, na Lameck na Yoakimu nyuma yake kwenye pikapu. Dereva alizima akiwa mbali kidogo, akateremka. Jina lake Dionis, mtu mfupi mwenye kofia ya sufu. Alisikia Fausta akimsalimia, akajua lafudhi, akajibu kwa Kiiraqw, lugha ya kwao Mbulu, kisha akatazama mbele. Aliona bibi ameketi. Aliona vijiti juu ya kilima.

"Meneja," alisema, "uliniambia kichuguu."

"Ni rundo la udongo. Pitisha bapa mara mbili, tumalizane."

"Udongo wenye mtu ndani na mtu nje." Dionis alivua kofia, akajikuna. "Mimi natengeneza barabara, mzee. Kufukua watu si kazi yangu. Kama una fundi wa hiyo, mtafute."

"Mtendaji yuko hapa. Kuna idhini."

"Basi mtendaji apande yeye. Funguo hii hapa."

Akaunyoosha mkono wenye funguo. Yoakimu alipiga hatua moja nyuma, amekumbatia mfuko wake wa muhuri. Bibi hakusogea wala kuwatazama. Alikuwa anachambua nyasi mapajani mwake.

Lameck alitembea mpaka kwenye pikapu, akarudi. Alimpigia mtu simu, hakupatikana. Alipiga tena. Jua lilikuwa limeshavuka utosi, wageni wa benki walikuwa njiani, na greda jingine lingetoka Babati, lisingefika leo. Fausta alimwona akitazama mstari wa nguzo, akamwona kwa mara ya kwanza kama mtu aliyechoka, ambaye naye ana mtu juu yake anayemwambia lazima kesho palie.

"Funga hiyo kona yako," hatimaye alisema. "Toa jozi nyumbani kwangu. Mke wangu nitajua nitakavyomwambia. Lakini mstari uwake leo, kabla ng'ombe hawajarudi kwenye maboma."

* * *

Walifanya kazi alasiri nzima bila kula. Gidabuday alichimba shimo la kona, akashindilia mawe kwa mtaimbo kwa sababu zege lisingekauka, akaitikisa nguzo kwa bega lake mpaka Fausta akaridhika. Fausta alizipa jozi mbili njia tofauti za mwanga zisije zikachanganyana, akalenga, akapima, akalenga tena. Namba zilipanda zikatulia. Mwali ulitoka nguzo ya kwanza, ukaingia ndani ya shamba, ukakunja kwenye kona, ukatoka nguzo ya mwisho. Kaburi lilibaki nje, zima, na nyasi zake mbichi juu.

Gidabuday alitembea, akakimbia, akatambaa. Kila mara palilia. Safari hii alipoinuka alitabasamu.

"Mwanamke," alisema, "Mungu akuongezee ng'ombe."

Fausta naye alicheka. Alimpigia Alfredi, akamwambia imekamilika, na Alfredi akasema, "Nilijua." Akakusanya vipande vya nyaya, akafunga sanduku la vifaa, na kwa muda mfupi alijiona kama mtu aliyefanya kazi nzuri mahali pabaya.

Ndipo ng'ombe walipokuja.

Walikuja kwa njia ileile aliyopita bibi asubuhi, njia iliyochimbika kwa kwato mpaka ikawa kama mfereji. Ilipita kando ya kaburi na kuingia shambani, kwenda kwenye lambo lililochimbwa enzi za serikali. Kisima cha kijiji kilikauka tangu mwaka wa ukame. Kila jioni walinzi waliwaruhusu ng'ombe wanywe watoke, na kila asubuhi waliandika kwamba usiku ulikuwa shwari. Lameck alijua, na Yoakimu pia. Halikuwa jambo la kusemwa.

Mke wa Gidabuday alikuwa nyuma ya ng'ombe na fimbo. Walikuwa wachache, mbavu nje. Jike la mbele, lenye pembe moja iliyopinda, lilipita kaburi, likapita nguzo ya kona.

King'ora kikalia.

Jike liliruka, likageuka, likaligonga lililofuata. Ng'ombe wote wakarudi nyuma kwa fujo, mke wa Gidabuday akipiga mluzi kuwatuliza. King'ora kikakata. Wakajaribu tena. Kikalia tena. Ndama mmoja alikimbilia kwenye ngano na Gidabuday akamkimbilia kumtoa kabla hajaonekana.

Bibi alisimama kutoka kaburini. Alimjia Fausta taratibu.

"Mwanangu, nakushukuru. Umemwacha mzee alale."

"Asante, mama."

"Sasa ng'ombe wapite wapi?"

Fausta alitazama mstari. Ulikwenda kaskazini mpaka korongoni na kusini mpaka barabarani, na kila mahali ulionana vizuri. Yeye mwenyewe ndiye aliyeupima.

"Walinzi wangeweza..." alianza.

"Walinzi walikuwa na macho ya kufumba," bibi alisema. "Huyu wako hafumbi." Akageuka kulitazama kaburi, kisha ng'ombe. "Huyu aliyelala hanywi maji. Wale wanakunywa."

Lameck alikuwa anakuja na pikapu, kasi, taa zimewashwa ingawa kulikuwa bado na mwanga. Aliteremka akipiga kelele kwamba ng'ombe watolewe, kwamba kuanzia leo ng'ombe atakayekiliza king'ora atakamatwa na kulipiwa faini kwa mtendaji. Mke wa Gidabuday alimjibu kwa lugha yake. Hakuna aliyemtafsiria.

Bibi alitembea mpaka katikati ya nguzo mbili, pale njia ya ng'ombe ilipokatwa na mwali, akaketi chini.

King'ora kikalia, na safari hii hakikukata. Alikuwa amekaa wima, mgongo na mabega vimeziba miali yote miwili. Kelele ilijaa bonde. Ng'ombe walisimama mbali, masikio yameinuka.

"Mtoe!" Lameck alimwambia Gidabuday.

Gidabuday alikuwa ametoka kwenye ngano na ndama mikononi. Alimweka chini. "Yule ni mama yangu, meneja. Siwezi kumshika mama yangu na kumburuta."

"Wewe ni mlinzi au si mlinzi?"

"Nilikuwa."

Kutoka kwenye maboma yaliyotawanyika tambarare walianza kuonekana wanawake. Mmoja, kisha wengine wawili, kisha kundi, wakifuata sauti. Hawakujua ni nini, walijua tu kuna kitu kinalia upande wa kaburi la mzee. Walipofika na kumwona aliyekaa, hawakuuliza. Walienda wakaketi kando yake, mmoja mmoja, mavazi yao ya ngozi yakigusana, mpaka mstari wa Fausta ukawa mstari wa watu.

"Fundi!" Lameck alimgeukia. "Zima hicho kitu!"

Kisanduku cha kuzimia kilikuwa kwenye nguzo ya mwisho, kimefungwa, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Fausta. Kukata umeme wa ghala kusingesaidia, mtambo ulikuwa na betri yake. Alikuwa amejivunia hilo alipomweleza meneja siku ya kwanza.

"Mtambo haujakosea," Fausta alisema. Ilimbidi apaze sauti. "Umeona mtu, umelia. Ndivyo ulivyonunuliwa."

"Nimesema zima! Nipe ufunguo!"

Simu ilikuwa inatetemeka kwenye paja lake. Alijua ni Alfredi. Alijua pia kitu gani angeulizwa na kitu gani angejibu, na kwamba jibu hilo halitoshi kumnunulia hata dirisha la kile chumba chenye jiko. Aliuingiza mkono mfukoni akaushika ufunguo. Hakuutoa.

Mke wa Gidabuday alikuwa amepata la kufanya. Kwa kuwa kelele haikukata tena, ng'ombe walikuwa wameanza kuizoea, kama wanavyozoea radi inayonguruma mfululizo. Alilishika jike la pembe iliyopinda sikioni, akalivuta, akalisemesha. Likapiga hatua. Wanawake walisogea pande mbili wakiwa wameketi, wakaacha nafasi, bibi akabaki alipo. Jike lilipita karibu naye, likimgusa bega kwa ubavu, likaingia. Wengine wakalifuata.

Lameck alikimbia huku na huku akipunga mikono. Kisha akaacha, akasimama tu, mikono imening'inia.

Walikunywa. Kutoka pale mtu hakuweza kuwasikia, aliona tu shingo zilizoinama kwa safu na maji yakitikisika. Fausta alisubiri mpaka ndama wa mwisho aliponyanyua pua. Alitoa ufunguo, akaenda kwenye nguzo, akafungua kisanduku, akazima. Kisha akamkabidhi Lameck ufunguo kwa mikono miwili, kama mtu anavyomkabidhi mkubwa.

Kimya kilichofuata kilikuwa kizito kiasi kwamba Lameck aliendelea kupiga kelele kwa sentensi nzima kabla hajajisikia.

"Umejifukuza kazi!" Akashusha sauti. "Unajua hilo? Umejifukuza mwenyewe."

"Najua," Fausta alisema.

Simu ilikuwa imeacha kutetemeka. Gidabuday alikuwa anafungua vifungo vya shati la kaki, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya boneti ya pikapu. Ndani alivaa fulana iliyotoboka. Baridi ya jioni ilikuwa imeanza, akajikunyata.

Bibi alinyoosha mkono. Magoti yalikuwa yamekufa ganzi. Fausta alimshika upande mmoja, mwanawe upande wa pili, wakamwinua.

"Kesho wageni wakiondoka watafunga seng'enge, mama," Gidabuday alimwambia kwa Kiswahili, ili na Fausta asikie.

"Wafunge," bibi alisema. "Na mimi kesho nipo."

Akaokota kibuyu chake. Ng'ombe walikuwa wameanza kutoka, matumbo yamejaa, wakitembea kwa uzito kuelekea nyumbani. Bibi alisubiri wa mwisho apite, akamfuata, akavuka kati ya nguzo mbili polepole, na hakuna kilicholia.